Maji ya Mvua ya Mjini na Ziwa Linaloyapokea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maji ya mvua si masafi? Yanawezaje kuliharibu ziwa?

Yakiwa angani hayana shida kubwa. Huchafuka yakishagusa mji. Paa, barabara, maegesho na viwanja vilivyoshindiliwa na magurudumu havinyonyi maji, kwa hiyo kila tone hufuata mteremko, na njiani huzoa udongo laini, majani yaliyooza, mbolea, vinyesi vya wanyama, oili, vumbi la breki na chembe za matairi.

Jambo la pili ni wingi na kasi. Chukua hekta moja na mvua ya milimita 50 kwa saa. Ikiwa yote ni lami na saruji, hutoa kama lita 125 kila sekunde. Ikiwa ni nyasi juu ya udongo unaonyonya vizuri, ni lita 28 hivi. Hesabu yake ni hii: chukua sehemu ya mvua inayotiririka (0.9 kwa lami, 0.2 kwa nyasi), zidisha kwa kasi ya mvua katika milimita kwa saa na kwa eneo katika hekta, kisha gawanya kwa 360. Utapata mita za ujazo kwa sekunde. Maji hayo ya kasi huchimba kingo za vijito, na udongo wa kingo huishia ziwani. Vijito vingi huanza kudhoofika sehemu isiyonyonya maji inapofika kama asilimia 10 ya dakio, yaani eneo lote ambalo maji yake hutiririkia kijito hicho. Ikipita asilimia 25, mara nyingi huwa vimeharibika vibaya.

Kwani mitaro ya mvua haipiti kwenye mtambo wa kusafisha maji?

Mara nyingi haipiti. Kilichoingia kwenye mtaro hutokea ziwani au kwenye kijito kinacholisha ziwa, kikiwa vilevile. Miji yenye bomba moja la mvua na majitaka hupeleka maji mtamboni siku za kawaida, lakini mvua kubwa hulijaza bomba, na ziada, ikiwa imechanganyika na kinyesi, hufunguliwa kwenda mtoni au ziwani.

Katika uchafu wote huo, upi unaoliumiza ziwa zaidi?

Kwa maziwa mengi ya maji baridi ni fosforasi, kirutubisho cha mimea. Mwaka 1973, kwenye Ziwa 226 huko Ontario, Kanada, watafiti waligawanya ziwa dogo mara mbili kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani kwa mwani, na picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha mpaka ulionyooka pale pazia lilipopita.

Kilo moja ya fosforasi inaweza kuzalisha hadi kilo 500 za mwani mbichi. Mwani ukifa huzama, bakteria huuozesha na kutumia oksijeni ya chini, kisha samaki hukosa hewa. Ziwa lenye zaidi ya mikrogramu 35 hivi za fosforasi kwa lita huhesabiwa kuwa limerutubika kupita kiasi. Ni kiwango kidogo mno, ndiyo maana mifuko michache ya mbolea iliyosombwa na mvua si jambo dogo.

Maji yakitulia kidogo si tope litazama lenyewe?

Inategemea tope gani. Jaza chupa angavu maji ya mtaroni mvua inaponyesha, iweke dirishani uitazame. Mchanga mwembamba wa milimita 0.1 hushuka mita moja kwa takriban dakika mbili. Tope la milimita 0.01 huchukua saa tatu hivi. Mfinyanzi wa milimita 0.001 huchukua karibu wiki mbili, tena maji yakiwa yametulia kabisa. Kesho yake chini ya chupa kuna tabaka la mchanga, na juu maji bado yana rangi ya chai.

Rangi hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi, kwa sababu fosforasi hung'ang'ania chembe ndogo kuliko kubwa. Shimo la kunasa mchanga linasaidia mtaro usizibe, lakini ziwa halipati nafuu kubwa kutoka hapo. Chembe ndogo huzuiwa kwa kutouacha udongo uondoke mahali pake, au kwa kuyafanya maji yapite ndani ya udongo na mimea.

Paa langu linatoa maji kiasi gani?

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 25 hupokea lita 1,500. Ukitoa yale yanayoloweka paa na kurukia pembeni, kwenye gata hufika kama lita 1,350. Pima paa kama kivuli chake kilivyo ardhini jua likiwa utosini. Mwinamo wa bati hauongezi maji.

Bustani ya mvua ni nini, na inajengwaje?

Ni kibonde kisicho na kina kirefu, chenye udongo unaopitisha maji na mimea yenye mizizi mirefu, kinachopokea maji ya paa au ua na kuyazamisha ardhini. Kwa nyumba moja, hatujui kazi nyingine inayolisaidia ziwa zaidi ya hii kwa jasho lilelile, kwa hiyo tunaieleza kwa kirefu.

Mahali kwanza. Kaa angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba, upande ulio chini ya nyumba. Usichimbe juu ya tangi la majitaka au shimo lake la kunyonyea, wala katikati ya mizizi ya mti mkubwa. Watu wengi huchagua pale ambapo maji hutuama kila mvua wakidhani pamejichagua penyewe, kumbe pametuama kwa sababu udongo wake haunyonyi.

Pima unyonyaji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana wa 20. Lijaze maji, yaache yaishe ili udongo ulowe, kisha lijaze tena na usimike rula. Maji yakishuka sentimita 1.3 au zaidi kwa saa, panafaa. Jaribio la kwanza peke yake hudanganya, maana udongo mkavu hunywa haraka kuliko utakavyokunywa katikati ya msimu wa mvua.

Ukubwa. Gawanya mita za ujazo za maji kwa kina cha maji kitakachosimama. Kwa lile paa la mita za mraba 60: 1.35 gawanya kwa 0.15 ni mita za mraba 9. Kina cha sentimita 15 kinatosha. Kikizidi sentimita 20, mimea hukaa majini muda mrefu.

Chimba sentimita 60: 45 za udongo mpya, 15 za maji kusimama. Simama pembeni, usikanyage sakafu ya shimo. Koleo likiteleza kwenye mfinyanzi huacha uso laini kama uliopigwa lipu, na maji hayapiti. Ukwangue kwa uma wa bustani kabla ya kujaza. Sakafu iwe sawa kwa pimamaji, la sivyo maji yatajikusanya kona moja na kona nyingine itakauka. Udongo uliotoka shimoni tengeneza nao tuta upande wa chini, ulishindilie, kisha acha ndani yake mlango wa kufurikia uliotandikwa mawe, usawa wa sentimita 15 juu ya uso wa udongo mpya. Pale maji yanapoingia weka mawe ya sentimita 5 hadi 10 yavunje nguvu.

Udongo wa kujazia: mchanga mkavu uliooshwa asilimia 60 hadi 70, udongo wa juu usio na mfinyanzi mwingi asilimia 20 hadi 30, na mboji isiyozidi asilimia 10. Juu yake tandaza vipande vya mbao sentimita 5 hadi 8. Maranda hayafai, huelea na kwenda kuziba mlango wa kufurikia.

Mimea iwe ya asili ya eneo lako, inayovumilia miguu kuwa majini siku moja na ukame wiki nzima. Imwagilie hadi ishike mizizi.

Kwa nini mboji kidogo hivyo? Si ndiyo inayostawisha mimea?

Mboji, hasa iliyotokana na samadi, imejaa fosforasi. Ikiwa robo au theluthi ya mchanganyiko, maji yanayotoka chini ya bustani yanaweza kuwa na fosforasi nyingi kuliko yaliyoingia, na hali hiyo huendelea kwa miaka. Miongozo mingi ya zamani ilishauri mboji nyingi, na bado inanakiliwa. Kwa sababu hiyo hiyo, usiiwekee bustani ya mvua mbolea.

Bustani yangu imeshikilia maji siku tatu. Kosa liko wapi?

Inapaswa kukauka juu ndani ya saa 24, ikichelewa sana 48. Kwangua sentimita 5 za juu uone. Ukikuta ngozi nyembamba ya tope laini na chini yake udongo mkavu, imezibwa kutoka juu: iondoe ngozi hiyo, rudishia matandazo mapya, halafu tafuta tope linatoka wapi. Mara nyingi ni kiwanja kilicho wazi jirani au ujenzi ambao haujaisha. Bustani isifunguliwe maji kabla ardhi inayoilisha haijaota nyasi. Mvua moja ya tope inatosha kuiua.

Ukikuta udongo wote umelowa hadi chini, tatizo ni sakafu iliyoshindiliwa au udongo wa asili usionyonya. Hapo chimba upya, au weka bomba la matundu la milimita 100 ndani ya kokoto chini ya udongo, litoe maji polepole.

Je, haitazalisha mbu?

Yai la mbu huhitaji kama wiki moja majini hadi kuwa mbu anayeruka. Bustani inayokauka kwa siku mbili haimpi nafasi hiyo. Hatari zaidi iko kwenye gata lililopinda, ndoo iliyosahaulika na tangi lisilo na wavu.

Tangi la kuvuna maji ya paa linalisaidia ziwa?

Linasaidia likiwa na nafasi mvua inaponyesha. Tangi lililojaa tangu wiki iliyopita halizuii hata lita moja. Tumia maji mvua zinapopishana, au tenga theluthi ya juu yenye koki ndogo ya milimita 10 hivi inayovuja taratibu kwenda bustanini. Bomba la kufurikia lisielekezwe mtaroni bali kwenye nyasi au bustani ya mvua.

Pevingi zinazopitisha maji huziba baada ya muda. Je, inafaa kuziweka?

Inafaa, zikijengwa na kutunzwa sawasawa. Viungo vyake hujazwa kokoto ndogo za milimita 3 hadi 8, si mchanga. Fundi aliyezoea pevingi za kawaida atajaza mchanga kwa mazoea, na kazi imeharibika siku hiyo hiyo. Chini yake kuna tabaka la mawe yaliyooshwa, sentimita 20 hadi 30, yasiyo na vumbi. Mteremko usizidi asilimia 5.

Huziba kwa udongo unaotiririka kutoka bustani iliyo juu, au kwa mtu kumwaga lundo la mchanga wa ujenzi juu yake. Zifagie mara kwa mara, na mara moja au mbili kwa mwaka nyonya uchafu kwenye viungo kwa mashine ya kuvuta. Usizioshe kwa maji ya kasi ukielekeza chini, utausukuma uchafu ndani zaidi.

Ujenzi unaendelea karibu na mtaro. Nini kifanyike?

Kiwanja kilichofukuliwa ni chanzo kikubwa kuliko mtaa mzima wa nyumba zilizokwisha kujengwa. Dawa ya kwanza ni kutofukua chote kwa mpigo, na kufunika kwa majani makavu au turubai sehemu isiyofanyiwa kazi.

Ya pili ni uzio wa kitambaa cha kuzuia tope. Hufuata kontua (mstari wa ardhi iliyo usawa mmoja), ncha zake zikipinda kupanda mlima kama tabasamu. Ncha ya chini ya kitambaa huzikwa sentimita 15 na kushindiliwa, nguzo zisipishane zaidi ya mita 2. Mita 30 za uzio zihudumie si zaidi ya sehemu ya kumi ya hekta. Ukiona uzio umesimama lakini maji yanapita chini yake, haukuzikwa. Ukiona umelala, umewekwa kukinga mkondo, kazi ambayo hauiwezi. Toa tope likifika theluthi moja ya urefu wake.

Ya tatu ni lango la magari: mawe ya sentimita 5 hadi 8, unene wa sentimita 15, urefu wa mita 15, ili magurudumu yaache tope kabla ya kuingia barabarani.

Mtaro wa saruji au mfereji wa nyasi?

Mtaro wa saruji hufikisha maji haraka, pamoja na kila kilichomo. Panapokuwa na nafasi na mteremko wa asilimia 1 hadi 5, mfereji mpana wa nyasi ni bora: sakafu bapa, kingo za kulala, nyasi za sentimita 10 hadi 15, maji yasizidi urefu wa nyasi. Ukizinyoa hadi chini, umebaki na mtaro.

Mteremko ukiwa mkali, weka vizuizi vya mawe. Kilele cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na kitako cha kile cha juu. Kizuizi cha nusu mita kwenye mteremko wa asilimia 4 hufuatwa na kingine baada ya mita 12.5. Katikati pawe chini kwa sentimita 15 kuliko pembeni. Pakiwa sawa, maji huzunguka pembeni na kuchimba kingo.

Bwawa la kutuliza maji linahitaji nini ili lifanye kazi?

Urefu mara tatu ya upana, na mlango wa kuingilia mbali na wa kutokea. Vikikaribiana, maji hupita njia ya mkato, na sehemu kubwa ya bwawa hubaki pambo. Mwanzoni pawe na kidimbwi cha tope chenye asilimia 10 hadi 15 ya ujazo wote, kinachofikika na mtambo wa kuchimba. Kisafishwe kikifika nusu. Bwawa lenyewe libaki na maji ya kina cha mita 1 hadi 2, kwa sababu bwawa linalokauka kabisa hukorogwa upya na mvua inayofuata. Bomba la kutokea lianzie chini ya uso wa maji, ili oili na takataka zinazoelea zibaki ndani.

Usalama wa watoto usisahaulike: kingo zilale mita 3 kwa kila mita 1 ya kushuka, na ukingoni kuwe na ngazi pana ya mita 3 yenye maji ya sentimita 15 hadi 30 na matete.

Majani ya miti ni kitu cha asili. Yana ubaya gani?

Msituni hakuna. Juu ya lami, jani lililolowa hutoa fosforasi yake kama majani ya chai yanavyotoa rangi, tena ndani ya saa chache, na mtaro huipeleka moja kwa moja ziwani. Huko Madison, Wisconsin, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha mitaa iliyoondolewa majani kila wiki ya msimu wa kupukutika na ile isiyoondolewa: kuondoa majani kulipunguza fosforasi ya maji ya mvua ya msimu huo kwa asilimia 84.

Fagia kabla ya mvua, si baada yake. Peleka majani kwenye mboji iliyo mbali na mtaro. Fagio la kawaida huzoa kubwa na kuacha vumbi. Mashine ya kuvuta ndiyo inayozoa vumbi lenye madhara.

Tutajuaje kama kuna majitaka yanayoingia kwenye mtaro wa mvua?

Tembelea midomo ya mitaro baada ya siku tatu bila mvua. Mtaro unaotoa maji siku hiyo lazima ujieleze. Povu na harufu ya sabuni ni maji ya kufulia. Utando wa kijivu unaoteleza kwenye mawe na harufu ya choo ni majitaka. Panda mtaro ukifungua chemba moja baada ya nyingine hadi ile iliyo kavu: chanzo kiko kati yake na ile ya chini yake.

Maji ya ziwa yamegeuka kijani kama rangi. Tunaweza kuyachemsha tukayatumia?

Hapana. Kijani hicho mara nyingi ni sianobakteria, bakteria wanaofanana na mwani. Hutengeneza sumu kama maikrosistini, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani sumu hubaki nyingi zaidi kwa kila lita. Agosti 2014 sumu hiyo kutoka Ziwa Erie iliufanya mji wa Toledo, Ohio, uwazuie watu zaidi ya 400,000 kunywa maji ya bomba. Usiogelee humo, na wanyama wasinywe. Hata bila mwani, kaa nje ya maji siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa kwa sababu ya vijidudu vya kinyesi.

Tunapimaje kama ziwa linapata nafuu?

Anza na kisahani cha Secchi, kifaa cha kupima uangavu wa maji: duara la sentimita 20, robo nyeupe na nyeusi zikipishana, uzito chini, kamba yenye alama kila sentimita 10. Kishushe upande wa kivuli wa mashua, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Andika kina kinapopotea, kipandishe, andika kinapoonekana tena, chukua wastani. Rudia kila wiki mbili pale pale. Chini ya mita 2 kwa kawaida ni dalili ya rutuba iliyozidi. Mara tu baada ya mvua kubwa kisahani hupima tope, si mwani, kwa hiyo andika pia mvua ya mwisho ilinyesha lini.

Tumezuia uchafu miaka mitatu na ziwa bado ni kijani. Je, tuweke shabu?

Fosforasi ya miaka mingi imelala kwenye tope la chini, imeshikwa na chuma. Oksijeni ikiisha huko chini, chuma huiachia, nayo hupanda tena. Maziwa mengi, hasa yenye kina kifupi, huchukua miaka 10 hadi 15 baada ya uchafu kupunguzwa kabla hayajatulia kwenye hali mpya. Ziwa ambalo maji yake hubadilika haraka hutangulia.

Shabu, ambayo ni chumvi ya alumini, hushika fosforasi na kuifunika chini, na inafanya kazi. Lakini hushusha pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka), na ikishuka chini ya 6 alumini huanza kuua samaki. Kipimo lazima kitokane na maji ya ziwa lenyewe, kikikokotolewa na mtaalamu aliyepima uwezo wa maji hayo kuhimili asidi. Pia, mitaro ikiwa bado inaleta tope, tabaka la shabu litafunikwa na tope jipya, na mwani utarudi. Kabla ya kuifikiria, pima fosforasi mitaroni wakati wa mvua, dakika 30 za kwanza zikiwemo, kwa angalau msimu mzima. Kama bado iko juu, nguvu ibaki huko juu mtaani.